Vifaa vya projekti ya uinjinia Dar: zunguka sokoni kwanza, mchoro utafuata

Mota yetu ilifika siku ya Jumanne. Tukaifungua kwenye meza ya karakana, watu sita tumeizunguka kama sinia la pilau, inang'aa, ukiisukuma kwa kidole inazunguka bila kelele, kila mtu anapiga picha. Afu mmoja wetu akachukua kipande cha cheni ya bodaboda tuliyokuwa tumeshanunua, akakiweka kwenye spoketi ya mota, cheni ikakaa juu ya meno, haizami. Tukapima na venia, kile kipimo cha chuma chenye taya: kutoka jino hadi jino ni milimita 8, wakati cheni ya bodaboda namba 428 ni milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Tukaanza kutafuta cheni ya milimita 8: siku mbili Kariakoo, siku moja Gerezani, kila duka unaulizwa "cheni ya nini?", ukieleza unaonyeshwa kitu kingine kabisa, jamaa mmoja alitutolea cheni ya kufungia geti. Na kosa lilikuwa la kwetu wenyewe, maana kwenye oda kulikuwa na sehemu ya kuchagua aina ya spoketi na sisi tukaiacha kama ilivyokuwa.

Projekti ilikuwa guta la umeme, lile la magurudumu matatu la kubebea mizigo sokoni. Tulichora kila kitu kwenye kompyuta, mchoro mzuri hadi mwalimu akausifia, halafu ndo tukaanza kutafuta vifaa. Hapo ndo tulipokosea, na nimeona timu nyingine nyingi zinakosea hapohapo. Ukiwa Dar unachora kwa kile ambacho soko linacho, sio unachora kwanza afu unaenda kuliomba soko likufuate. Naandika huu mwongozo kwa mfano wa guta letu ila hata kama mnatengeneza kikaushio cha mihogo, mashine ya kufyatua matofali au roboti, mwendo ni uleule.

Hatua ya 1: semeni kwa namba kifaa kitafanya nini

Kabla hamjaongea kuhusu mota wala betri, kaeni mkubaliane namba. Sio "guta lenye nguvu", hiyo sio kitu. Sisi tuliandika: mzigo kilo 200, dereva 70, guta lenyewe tukakisia 90, jumla kilo 360. Spidi kilomita 20 kwa saa barabara ya tambarare, mlima wa asilimia 5 lipande hata kwa spidi 10, na liende kilomita 20 kabla ya kuchajiwa.

Ukishapata hizo unapiga hesabu ya kidato cha nne tu. Msuguano wa tairi tukachukua 0.02 ya uzito, yaani 0.02 × 360 × 9.81, kama nyutoni 71. Upepo kwa spidi hiyo unaongeza kama nyutoni 18 kwa kitu chenye kifua kipana kama guta. Jumla 89, zidisha na mita 5.56 kwa sekunde (ndo zile kilomita 20 kwa saa), unapata wati 495 hivi. Cheni na gia zinakula, tukasema asilimia 20 inapotea, kwahiyo mota inatakiwa itoe kama wati 620 kwenye tambarare. Mlimani: 0.05 × 360 × 9.81 ni nyutoni 177, ongeza 71, zidisha na 2.78 (ndo kilomita 10 kwa saa), wati 690 hivi, gawanya kwa 0.8, inakuja kama 860. Basi mota ya wati 1000 inatosha na hakuna haja ya kubishana kuhusu ya 2000 eti kwa sababu kuna mtu ameiona mtandaoni.

Betri nayo hivyohivyo. Kilomita 20 kwa spidi 20 ni saa moja, wati 620 kwa saa moja ni watisaa 620. Betri ya volti 48 na ampea-saa 20 ina 960 kwenye karatasi. Ya lithiamu fosfeti ukitumia asilimia 80 unapata 768, inatosha. Za asidi zile nne za volti 12 ukizifunga mstari mmoja pia ni 48, ila za asidi ukizoea kuzimaliza chini ya nusu zinakufa mapema, kwahiyo unahesabu 480 tu, haitoshi, itabidi upande hadi za ampea-saa 30 na kitu, na uzito unaongezeka mwingi, afu unarudi juu unahesabu upya zile kilo 90 ulizokisia.

Hii kazi ni jioni moja. Msiiruke.

Hatua ya 2: siku ya kuzunguka, hakuna kununua

Hii ndo hatua ninayoipenda na ndo ambayo watu wanaona ni kupoteza nauli. Chagueni siku moja, bora mbili, mtembee sokoni mkiwa na daftari, venia, simu yenye chaji, na pesa ya maji na nauli tu. Mkibeba pesa ya vifaa mtanunua, nawajua wanafunzi, tutanunua.

Dar kila kitu kina mtaa wake. Spea za bodaboda, nyaya, swichi, vifaa vya elektroniki na vya sola, anzia Kariakoo, ukiuliza duka moja hawana watakuelekeza jirani. Vyuma, beringi, mafundi wa kuchomelea na wa kukereza, shuka Gerezani, ni kutembea tu kwa mguu. Mbao na watu wa fanicha ni Keko. Vingunguti kwenye eneo la SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, kuna karakana za watu wanaotengeneza mashine ndogondogo, za kukoboa, za kukamua mafuta, hao hata kama hununui kitu nenda ukawaangalie wanavyofanya kazi, maana fundi aliyeshatengeneza mashine 50 kwa vifaa vya hapahapa ameshakutatulia maswali ambayo hujayauliza bado. Asubuhi ya katikati ya wiki ndo muda mzuri. Ijumaa mchana maduka mengi yanafunga kwa ajili ya swala, Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa, na Jumamosi Kariakoo hata kusimama uandike ni shida.

Sasa unaandika nini? Unaandika saizi zilizopo. Skwea paipu: zipo za 25 kwa 25, 40 kwa 40, unene upi, urefu wake (huwa mita 6, kwahiyo pangeni vipande vyenu vigawanyike ndani ya 6, sisi tulichora vipande vya mita 2.1, kila paipu inatoa viwili na kinabaki kipande cha mita 1.8 cha kusikitikia). Cheni: 428 imejaa kila kona, hiyo ndo cheni yako sasa. Spoketi za mbele za bodaboda meno mangapi, za nyuma mangapi. Rimu na tairi za guta. Breki za ngoma za pikipiki, unazipata na hab yake nzima, yaani kile kitovu cha gurudumu.

Na kila kitu uliza swali hili: "Huu mzigo unakuwepo siku zote au umetokea tu?" Kuna vitu vinakuja na kontena moja vikiisha ndo basi. Mwenye duka atakwambia ukweli, maana siku hiyo hununui na yeye anajua hununui.

Beringi: jifunzeni kusoma namba, itawaokoa sana. Kuanzia 04 kwenda juu, tarakimu mbili za mwisho zidisha na 5 unapata tundu la ndani kwa milimita. 6204 ni 20, 6205 ni 25. Chini ya hapo hazifuati: 6203 ni 17, 6202 ni 15, 6201 ni 12, 6200 ni 10. Ukiona 2RS ina raba pande zote mbili, ZZ ina bati. Kwa kitu kitakachotembea kwenye vumbi na madimbwi ya Dar chukua 2RS. Shafti nayo unaichora ifuate beringi iliyopo, usichore shafti ya milimita 18 eti hesabu imekuja 17.6, beringi ya 18 utaitafuta wapi? Nenda 20, chukua 6204, maisha yaendelee.

Kuna kitu cha bolti lazima nikieleze taratibu kwa sababu kimetugharimu. Tulienda duka moja la bolti, mzee amekaa kwenye stuli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanafunzi nyie, mnataka nini?"

"Bolti za nane, ishirini, na nati zake."

Akahesabu, akafunga kwenye gazeti, tukalipa, tukapanda mwendokasi. Kufika karakana, tundu tumetoboa la milimita 8.5, bolti zinapita kama nyuzi. Ametupa M5. Mzee hakukosea hata kidogo, sokoni bolti inaitwa kwa spana yake, na bolti inayofunguliwa na spana nane mguu wake ni milimita 5. Tulichokitaka sisi, M8, sokoni kinaitwa "bolti ya kumi na tatu". Karirini hii: M5 spana 8, M6 spana 10, M8 spana 13, M10 spana 17, M12 spana 19. Na hata hapo usiamini kichwa peke yake, maana pikipiki za Kijapani M8 unaweza kuikuta ina kichwa cha spana 12. Suluhisho ni kwenda na sampuli mkononi. Ukiwa na sampuli huhitaji jina la kitu wala Kiingereza cha darasani, unaiweka tu juu ya kaunta unasema "boss, kama hii, ndefu kidogo".

Hatua ya 3: listi ya vifaa, na iwe moja tu

Sasa ndo mnarudi kuchora. Mchoro ukiwa tayari mnatoa listi ya vifaa vyote hadi washa za bolti na vibanio vya nyaya. Sisi tuliiita bomu, kwa sababu ya kifupi chake cha Kiingereza, BOM (bill of materials), na pia kwa sababu ililipuka mara tatu. Ililipuka kwa kuwa kila mtu alikuwa na nakala yake kwenye simu. Iwe faili moja mtandaoni, wote mnaiona, mmoja tu ndo anaibadilisha.

Kila mstari uwe na jina la kitaalamu, jina la sokoni, namba au saizi, idadi, akiba, wapi kinapatikana, siku ngapi kukipata, na mbadala wake. Mstari wetu mmoja ulisomeka hivi:

Beringi 6204-2RS / pisi 4 / akiba 1 / Gerezani / siku moja / mbadala: 6204-ZZ na bati la kuzuia maji.

Na mwingine, wa kontrola, yaani kile kisanduku kinachoongoza umeme wa betri kwenda kwenye mota:

Kontrola ya mota, volti 48, wati 1000 / pisi 1 / akiba 1 / nje ya nchi / wiki 3 na zaidi / mbadala: hakuna.

Hapo kwenye "mbadala: hakuna" pakeni rangi nyekundu. Mistari myekundu ikizidi mitatu au minne, mchoro wenu una tatizo, rudini mkaubadilishe mapema wakati bado ni bure.

Jina la sokoni nalo sio mapambo. Siku ya kununua anayetumwa anaweza kuwa yule mwenzenu wa programu ambaye hajawahi kuingia Gerezani, akiwa na jina la mchoro tu atarudi na kitu cha ajabu.

Hatua ya 4: vya nje viagizwe wiki ya kwanza

Watu huanza na vinavyopatikana kirahisi, wananunua paipu, rangi (rangi jamani, wiki ya 2!), kisha wanaagiza mota mwezi wa tatu. Geuzeni. Kinachochelewa ndo kinaanza. Kwa ndege kutoka China kupitia mawakala wa mizigo hesabuni wiki 1 hadi 2 baada ya mzigo kufika ghala la wakala, na kabla ya hapo kuna siku za muuzaji kuupeleka huko. Kwa meli ni mwezi na nusu na kuendelea, na meli ikichelewa hakuna wa kumpigia simu. Angalieni na kalenda: mwaka mpya wa Kichina unaangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, viwanda vinafunga wiki kadhaa, na mambo yanaanza kuwa mazito hata kabla. Kwa mwanafunzi anayetakiwa kuwasilisha mwezi wa sita hiyo ni pigo takatifu.

Gharama ya ndege hailipwi kwa uzito wa mzani peke yake. Wanachukua urefu × upana × kimo kwa sentimita, wanagawanya kwa 6000, kampuni za vifurushi vya haraka wengi wanatumia 5000, na ile kubwa kati ya hiyo na kilo halisi ndo unayolipia. Boksi la 60 × 40 × 40 ukigawanya kwa 6000 ni kilo 16 hata kama ndani kuna kilo 5 na hewa. Mwambie muuzaji abane boksi.

Kodi: wengine bei yao ya kilo inajumuisha ushuru, wengine hapana, uliza kabla, tena pata jibu la maandishi. Ukitoa mwenyewe, ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35 kutegemea kifaa, na unapigwa juu ya bei pamoja na bima na usafiri, sio bei ya dukani tu. VAT ya asilimia 18 nayo inapigwa juu ya jumla ikiwa na ushuru ndani yake. Mfano kitu kimefika Dar kwa laki 4 kila kitu, kikiangukia asilimia 25 unaongeza laki 1, inakuwa laki 5, VAT ni elfu 90, umefika 590,000, na bado kuna tozo ndogondogo. Mtu aliyeweka bajeti ya laki 4 hapo anaanza kupiga simu nyumbani.

Betri za lithiamu ni habari nyingine. Tangu 2016 seli za lithiamu zinazosafirishwa zenyewe kama mzigo haziruhusiwi kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zina masharti yake ikiwemo kutojazwa chaji zaidi ya asilimia 30. Kuna wakala atakwambia "tunaficha ndani ya mzigo mwingine", usikubali, ikikamatwa umepoteza betri na kile kilichokuwa nayo, ikiwaka moto ni balaa jingine. Sisi betri tulinunua hapahapa, maduka ya sola siku hizi yanauza za lithiamu fosfeti zenye BMS yake ndani (saketi ya kuilinda betri), bei iko juu ila unaipima kwa macho yako na unaondoka nayo kwenye bajaji.

Ukiagiza chochote, omba mchoro wa vipimo: shafti milimita ngapi, ina kii (kipande cha chuma cha kuzuia isiteleze) au imechongwa bapa, matundu ya kufungia yako wapi, spoketi ya cheni gani. Na vile vidogo vyenye tabia ya kuungua, kontrola na akselereta ya mkono, agizeni viwili viwili. Kuagiza kimoja tena peke yake ni wiki 3 nyingine.

Hatua ya 5: pesa

Fupi. Anayeshika pesa asiwe ndo anayenunua. Kama chuo ndo kinalipa, vyuo vingi vinataka profoma (karatasi za bei kabla ya kununua) za maduka tofauti na risiti ya EFD, na maduka madogo mengi hayatakupa risiti hiyo bila kupandisha bei, sasa hilo ulizeni siku ya kuzunguka, mpange vikubwa vinunuliwe kwenye duka lenye risiti na vidogo vitoke kwenye mchango wenu. Profoma huwa ina tarehe ya mwisho, hela ya chuo ikitoka baada ya miezi miwili bei imeshahama. Wekeni asilimia 15 hadi 20 ya bajeti pembeni isiguswe hadi siku ya majaribio. Hata sisi tulitaka kuigusa mara nne.

Hatua ya 6: kagua ukiwa bado dukani

Ile karatasi iliyobandikwa ukutani, "mali ikishauzwa hairudishwi", wanaimaanisha.

Paipu: pima unene kwa venia pale kwenye mdomo. Iliyoandikwa "ya mbili" unaweza kukuta ni 1.5, na fundi wa kuchomelea atakutobolea. Paipu ya 40 kwa 40 yenye unene wa 2 kweli, ya mita 6, ina kama kilo 14, kwahiyo hata kwa kuinua unaweza kuhisi.

Nyaya: kwaruza kwa kisu. Ikitokea nyeupe ndani ya rangi ya shaba basi hiyo ni aluminiamu imevishwa shaba, iache. Kwa guta letu la ampea 20 na ushee tulitumia waya wa 10, yaani milimita za mraba 10. Kuna mwenzetu alileta waya wa 2.5 wa kufungia nyumba kwa sababu ulibaki kwao, mita 4 za kwenda na kurudi kwa ampea 30 zinapoteza karibu volti 1, na waya unapata joto hadi unausikia mkononi.

Swichi ya kukata umeme: ile ya nyumbani ni ya AC, ukiiweka kwenye betri ya volti 48 cheche yake haizimiki vizuri inapokata. Chukua ya DC kwenye duka la sola, na fyuzi ya ampea 40 ikae karibu kabisa na betri, sio karibu na mota.

Mota isiyo na brashi, yenye nyaya tatu nene: gusanisha mbili, zungusha shafti kwa mkono, utasikia inakuwa ngumu. Fanya hivyo kwa jozi zote tatu, ugumu uwe sawasawa. Jozi moja ikiwa laini, weka chini, toka nje. Akselereta ukiipa volti 5, waya wa ishara usome kama 0.8 ukiwa umeachia na kama 4.2 ukiikaza mwisho. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa isome 12.6 kwenda juu, ikisoma chini ya 12 na muuzaji anakwambia "ikichajiwa inaamka", mwache aichaji yeye.

Multimita ndogo inaingia kwenye mfuko wa suruali. Nenda nayo.

Hatua ya 7: fundi

Turudi kwenye spoketi yetu. Tulinunua spoketi ya mbele ya bodaboda meno 14, tukampelekea fundi wa lethi akereze bushi ya kuingia kwenye shafti ya mota kisha ichomelewe kwenye spoketi. Akafanya kwa nusu saa. Tukafunga, tukawasha: cheni inakaza, inalegea, inakaza, inalegea, kila mzunguko. Spoketi imeyumba kwa sababu alichomelea kwanza kwa kukadiria na jicho. Tukarudi, safari hii mmoja wetu akasimama pale pale. Fundi akachomelea kwa nukta tatu, akaibana kwenye mashine, akaizungusha polepole huku ameshikilia ncha ya chuma karibu na meno, anagonga kidogo kwa nyundo, anazungusha, anagonga, hadi pengo likawa sawa pande zote, ndo akamalizia kuchomelea, akisubiri ipoe kila baada ya kipande. Saa moja na nusu. Huyo huyo fundi, mashine ileile. Mara ya kwanza hatukumwambia kinatumikaje na tulikuwa tumeenda kula.

Kwahiyo: mpe fundi kitu halisi kinachoingia mle, sio kipimo cha karatasi. Mwambie kinazunguka spidi gani na kinabeba nini. Nunueni chuma wenyewe. Lipeni nusu, nusu baada ya kujaribisha. Na mwambieni siku iliyo mbele ya siku mnayohitaji kweli, kwa sababu kesho ya fundi ina kesho zake, msimlaumu sana, umeme ukikatika hata yeye anakaa tu. Mkimsalimia vizuri na kumuuliza "wewe fundi ungefanyaje hapa?" atawaambia kitu kitakachowapunguzia kazi, sisi alituonyesha sehemu ya kuweka kikaza cheni ambayo hatukuwa nayo kwenye mchoro kabisa.

Hatua ya 8: kupanga wiki

Rudisheni tarehe nyuma kuanzia siku ya kuwasilisha. Wiki 4 za mwisho ni za majaribio na kurekebisha, hakuna kununua kitu kikubwa humo. Wiki 4 kabla ya hapo ni fremu na mafundi. Kabla yake ni kuagiza, kununua vya sokoni na kumalizia mchoro. Masika ikiwa katikati, yaani Machi hadi Mei, ongezeni siku, mvua ikikolea Jangwani barabara inafungwa na nusu ya timu haifiki. Kama mnataka kuonyesha kazi yenu Sabasaba kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, basi mwezi wa sita mwanzoni kifaa kiwe kimeshatembea, sio kimeshapakwa rangi.

Vifaa vikiingia vikae kwenye boksi lenye namba ya mstari wa listi, na aliyepokea aandike tarehe. Karakana ya chuo kila timu inaazima kutoka kwa timu nyingine bila kusema, beringi zinatembea zenyewe usiku.

Siku ya kuwasilisha bebeni boksi dogo: fyuzi mbili, kontrola ya akiba ikiwa imeshajaribiwa, akselereta ya akiba, spana 10, 13 na 17, multimita, tepu, vibanio vya nyaya, na kiungio cha cheni 428. Hicho kiungio mkikisahau msihangaike, mtumeni mtu kwa bodaboda yoyote iliyopaki nje, dereva atawaambia duka la karibu liko wapi.